Mwalimu Aliyeteremsha Kisima

Ukimkuta amekaa, ujue anaumwa. Ndivyo tulivyokuwa tukisema shuleni kwetu juu ya mwalimu wa mazingira, na katika miaka yote niliyofundisha naye Bagamoyo nilimkuta amekaa mara mbili tu, ya kwanza akiwa na homa. Kahawa aliinywa amesimama. Madaftari aliyasahihisha huku akitembea verandani, kalamu nyekundu ikiruka mistari, na watoto walishazoea kupewa alama ya vema iliyopinda kama ndoana. Ukisimama naye njiani kuzungumza, wewe ndiye uliyekuwa ukigeuka, maana yeye alikuzunguka. Katikati ya maneno yako angeinama akaokota gamba la konokono, akalitazama upande huu na huu, kisha akakuambia uendelee, anasikia.

Sikuwahi kumwuliza kwao wapi wala watu wake ni akina nani. Alitoka bara, hilo lilitosha. Alivaa kaptula ya khaki na makubadhi, na kichwani kofia ya kiua aliyonunua wiki ya kwanza alipofika, akaivaa miaka yote upande usio wake. Hakuna aliyemwambia, kwa heshima, au kwa sababu tulipenda kucheka akishapita.

Cheo chake kwenye karatasi kilikuwa mwalimu wa sayansi. Hilo la mazingira alijipa mwenyewe, wakati wengi wetu neno lenyewe hatukuwa tukilitumia. Kwenye ratiba kulikuwa na sayansi, jiografia, kilimo na afya, kila moja na kipindi chake, na yeye alishikilia kwamba hayo yote ni somo moja lililokatwa vipande kama papa sokoni. Mwalimu mkuu wetu, mtu mpole aliyependa kengele ilie kwa wakati, alimwuliza siku moja mbele yetu somo hilo linaanzia wapi na kuishia wapi. Akajibu kwamba linaanza mtu anapovuta pumzi na linakwisha anapoacha. Mwalimu mkuu akasema basi atamwombea vipindi vya kutosha maisha ya mtu, lakini kwa sasa ana vitano kwa wiki.

Aliviiba vingine. Mara nyingi niliingia darasa la tano na hesabu zangu nikakuta madawati matupu, nikajua amewachukua. Siku moja niliwakuta chini ya paa la jiko la shule, wameizunguka sahani moja ya wali na samaki. Alikuwa akiwauliza kila kitu kilichomo kimetoka wapi. Chumvi, kwenye mashamba ya chumvi pale pwani. Mkaa wa kupikia, kwa watu wa Fukayosi wanaouleta kwa baiskeli. Mkaa umetoka kwenye mti gani? Mti ukikatwa udongo unakwenda wapi? Mvua ikiuchukua unafika wapi? Baharini. Ukifika baharini samaki anasemaje? Walizunguka hivyo mpaka wakarudi kwenye ile sahani, na wali ukawa umepoa, na mpishi amenuna. Mtoto mmoja akauliza kama sasa wanaweza kula. Akamwambia ndiyo, lakini ale akijua anakula nchi nzima. Niliudhika kwa sababu ya kipindi changu, na nikakaa kusikiliza mpaka mwisho.

Mkaguzi wa elimu alipokuja hakumkuta darasani pia. Tulimpeleka pwani na viatu vyake vilivyopigwa rangi, akalikuta darasa zima limezama matopeni kwenye mikoko, maji yametoka, watoto wanafunua mizizi kutafuta kaa na kamba wadogo. Mwalimu alikuwa akiwaeleza kwamba kamba wanayemla nyumbani alilelewa hapo kwenye mizizi, na anayefyeka mikoko yote amefyeka na kitoweo. Mkaguzi akiwa kwenye mchanga mkavu akadai kuona andalio la somo. Mwalimu akaonyesha kidole baharini, akasema andalio lake linajaa saa sita, kwa hiyo mzee amwie radhi, wana dakika arobaini. Ripoti ilipofika iliandikwa kwamba mipaka ya somo lake haijulikani. Nadhani ilikusudiwa kumtia adabu. Yeye aliinakili kwa mkono wake, akaitembeza kila baraza kama mtu aliyepata nishani.

Nilimpenda, na alinichosha. Hayo mawili yalikwenda pamoja. Aliwahubiria watoto wachemshe maji, naye alionja kila dimbwi alilolikuta njiani, akitema pembeni na kutikisa kichwa. Alifundisha habari za bahari kwa ufasaha wa kushangaza, lakini kwenye ngalawa hukumpandisha hata kwa kamba. Aliwakataza watu kukata mikoko ilhali paa la chumba chake lilishikiliwa na boriti za mikoko, na jirani yake, mzee wa Kiarabu ambaye ukoo wake ulifanya biashara ya boriti tangu zama za babu zake, hakumwacha asahau. Alimwambia akitaka boriti zisiuzwe, aanze yeye kulala nje. Kweli akahamishia mkeka uani, mpaka mvua ilipomrudisha ndani. Mzee yule alijaribu pia kumweleza jinsi wazee wao walivyokata: mkono huu wa bahari mwaka huu, kisha unaachwa mpaka aliyezaliwa mwaka huo ajue kusoma juzuu. Mwalimu alikuwa ameshageuka, anamtazama mjusi ukutani.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro yake, ingawa wakati ule sikuiona. Alikuwa na sikio la kusikiliza kaa na udongo. Kwa watu wazima wasiosoma, sikio lilikuwa zito. Na mimi nilikuwa vilevile, tena bila udhuru, maana wale walikuwa watu wangu. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, natembea kwa haraka, nauona mji wetu umelala usingizi na mimi ndiye wa kuuamsha. Kwa hiyo lililotokea nalisema kama lilivyokuwa, sijivui lawama.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa mwangalizi wa kisima cha mtaa wetu. Kilikuwa kisima cha wakfu. Mmoja wa wazee wake wa kike alikichimbisha na kukiacha kwa majirani, na kamba yake ikarithiwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ikafika kwake. Kilikuwa na masharti mawili. Wakati wa kiangazi, ikishasaliwa alasiri hakuna kuteka mpaka alfajiri, kisima kinalala. Na kwenye sakafu yake mna jiwe, jiwe hilo halivunjwi. Maji yakipungua, watu wanapunguza ndoo. Hawachimbi.

Mwaka mmoja vuli ilikosa kabisa. Kufika Januari ndoo ilikuwa ikirudi nusu, nusu yenyewe mchanga, na wanawake waliopakana ukuta kwa ukuta wakaanza kurushiana maneno kwenye foleni. Mwalimu wa mazingira akaja kukitazama. Alikizunguka kisima mara sijui ngapi, akateremsha kamba akapima, akasema shida ni ndogo: huko bara kisima kikipungua hushushwa, maji yako chini, yanasubiri. Akaenda kwa Bibi, akaamkia vizuri, akaitikiwa vizuri, kisha akamwuliza kwa nini jiwe halivunjwi.

"Ndivyo tulivyokuta," Bibi akasema.

Akauliza tena sababu ni nini. Bibi akamjibu kwamba tangu yeye na akili zake haujapita mtaimbo kwenye lile jiwe, na mama yake alisema hivyo hivyo. Mwalimu alitoka pale akitembea mbio mbio, akaniambia shuleni kwamba miiko isiyo na sababu ndiyo inayotuua kwa kiu. Nikamwambia aniachie mimi.

Nilikwenda kwa Bibi jioni ile ile. Alikuwa akisuka ukili. Nikamweleza juu ya wale akina mama wanaogombana, juu ya watoto wanaokuja shule hawajaoga, nikasema, Bibi, huyu amesoma, anajua yaliyo chini ya ardhi. Alisuka muda mrefu bila kunitazama. Mwisho akasema, "Ukishamsemea wewe, mie niseme nini." Akanipa kamba. Niliichukua kwa furaha, na furaha ile mpaka leo nikiikumbuka najionea haya.

Walichimba wanaume wawili siku mbili. Jiwe lilipopasuka maji yalikuja kwa kasi mpaka wakapandishwa wamelowa vifuani, na vigelegele vikapigwa mtaa mzima. Mwalimu alionja, akafumba macho, akasema matamu. Kweli yalikuwa matamu. Tulikunywa siku kama kumi, tukateka asubuhi na jioni, tukamwagia hata michicha. Aliyetangulia kujua alikuwa muuza kahawa. Alisema kahawa yake inakataa. Kisha maharage yakawa hayaivi, sabuni haitoi povu, chai ya maziwa inakatika. Watu walionja na kutazamana. Kufika mwisho wa mwezi, maji ya kisima cha wakfu yalikuwa ya kuoshea vyombo tu, na vyombo vyenyewe vikikauka vilibaki na unga mweupe.

Mwalimu aliyapeleka mwenyewe mashitaka yake kwa Bibi. Mimi nilikuwapo, nimesimama mlangoni, miguu haitaki kuingia wala kutoka.

"Bibi, nimekuharibia kisima," akasema.

"Hukukiharibu peke yako. Mjukuu wangu alikusemea."

Kisha Bibi akaongeza kwa sauti ile ile ya kawaida, "Ulikuja hapa ukaniuliza kwa nini. Hukuniuliza chini mna nini. Ungeniuliza ningekwambia. Chini mna bahari. Maji matamu yamelala juu yake, na lile jiwe lilikuwa kitanda chao."

Hiyo ndiyo mara ya pili niliyomwona amekaa. Alikaa chini, kwenye mkeka wa Bibi, mikono magotini, tangu adhuhuri mpaka alasiri, akauliza na kusikiliza. Bibi alimweleza visima vya mji mzima, kipi kina jiwe na kipi hakina, kipi hukasirika bahari ikijaa sana wakati wa bamvua, kipi ni cha kufulia tangu kilipochimbwa, na namna ya kujua kwa mimea iliyoota kando. Hakuandika. Nadhani aliona haya kutoa kalamu.

Kisha akaanza kutengeneza alichobomoa. Alijaza kisima kwa changarawe na mchanga aliouosha, akashindilia juu yake udongo wa mfinyanzi mpaka pale jiwe lilipokuwa, na kazi hiyo aliifanya kwa mikono yake baada ya saa za shule, hakukubali kusaidiwa. Somo lake nalo likabadilika. Mipaka iliyomsumbua mkaguzi akaitanua tena: sasa watoto walipelekwa kwenye vibaraza vya bibi zao wakiwa na swali moja, chini mna nini. Alimrudia hata yule mzee wa boriti, akamsikiliza habari za kukata na kuacha mpaka mzee mwenyewe akachoka. Aliwaambia watoto waziwazi kwamba mwalimu wao aliua kisima kwa sababu alidhani somo la mazingira lina miti, maji na wanyama, akasahau kuwa na watu wanaokaa hapo wamo. Sijapata kumsikia mwalimu mwingine akijisema hivyo mbele ya darasa la tano.

Kila mwezi alionja yale maji, akaandika kwenye daftari: chumvi nyingi, chumvi nyingi, chumvi. Bibi hakumlaumu tena hata siku moja, wala mimi hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua ndoo yake akawa anakwenda kisima cha upande wa pili wa mji, jua likiwaka, akikataa kubebewa. Alisema bado ana shingo.

Mwalimu akahamishwa. Siku ya kuondoka alinikabidhi lile daftari akaniomba niendelee, mara moja kwa mwezi, kijiko kimoja tu. Tulionja pamoja mara ya mwisho, nikatema. Nilimwahidi. Daftari nililitia sandukuni chini ya kanga zangu, na sikuandika humo hata neno. Nilikuwa na hasira naye, ndiyo maana. Ilikuwa rahisi kuwa na hasira naye kwa kuwa hayupo. Bibi akafariki mwaka uliofuata. Baadaye tukaletewa bomba la mtaa, kisima kikafunikwa bati, na mimi nikawa nawasimulia wanafunzi wangu habari za mgeni aliyetoka bara akaja kutia chumvi kisima cha wazee wetu. Niliisimulia vizuri. Jina langu halikuwamo.

Ikapita karibu miaka mitano tangu aondoke. Siku moja baada ya masika nilikuwa narudi kutoka Dar es Salaam, basi likapasua gurudumu pale Kerege, tukashuka kusubiri. Hatua chache mbele niliona mtu kainama kwenye mtaro wa barabara, matope mpaka magotini, anachunguza mahali maji ya mvua yalipokula kingo. Kofia ilikuwa imevaliwa upande usio wake. Nikamwendea, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba Mwalimu kana kwamba tuliachana jana. Alikuwa amezeeka shingoni na mikononi, lakini miguu haikuwa imetulia. Aliniambia hapo anapita tu, sasa yuko Fukayosi, ambako watu wengi walikuwa wamehamishiwa kwenye kijiji kimoja, na wakubwa wanataka kisima kichimbwe karibu na ofisi. Yeye alikuwa amezunguka kwa wanawake watu wazima wa Kikwere, akisaidiwa na mkalimani pale lugha ilipompiga chenga, na wote walimwonyesha bonde lile lile. Amekuwa akigombana miezi miwili. Alisema atashinda, au atahamishwa tena.

Kisha akaacha kuzunguka, akanitazama.

"Maji ya Bibi yakoje?"

"Bado chumvi," nikamjibu, haraka, na nakiri kulikuwa na utamu fulani kwenye kulisema.

Akatikisa kichwa polepole. Akayatazama matope yaliyomganda miguuni. Nilimwonea huruma, nikatamani nilirudishe lile neno, na kabla sijapata la kusema akauliza, bila ukali wowote, kama alivyowauliza watoto:

"Umeyaonja lini?"

Utingo akaita watu wapande, gurudumu limeshabadilishwa, na mimi nikampa mkono mwalimu wa mazingira bila kumjibu. Njia nzima mpaka Bagamoyo sikuwasikia waliokaa karibu nami.

Sikupita nyumbani. Nilikwenda kisimani na buibui langu na mzigo wangu, nikaliondoa lile bati, nikaomba ndoo nyumba ya jirani, nikateka. Nilitia maji kinywani nikayatema kwa mazoea, kabla ulimi haujaniambia kitu. Nikaonja tena. Yalikuwa matamu. Niliita majirani wakaonja, na tukaulizana yamekuwa hivyo tangu lini, hakuna aliyejua, maana hakuna aliyeonja. Wao hawakuahidi mtu. Pengine yalianza kurudi Bibi yu hai, akiwa anapita hapo hapo kando ya kisima chake, ndoo kichwani, kwenda kutafuta maji mbali. Pengine sivyo. Nilikaa ukingoni nikalia kwa hasira, na safari hii nilijua hasira ni ya nani.

Nilimwandikia Fukayosi usiku haujaingia. Nilieleza yote, na la daftari pia. Nilitarajia atafurahi, atanisamehe, atasema neno la kupoza moyo. Jibu lake lilikuwa mistari miwili. Aliniambia nimeonja baada ya masika, wakati ambapo kisima chochote kinajifanya kizuri. Nionje tena Februari, kiangazi kikiwa kimeuma, wala nisionje peke yangu, kisha nimwandikie.

Nilichukia siku tatu. Halafu nikangoja Februari.

Nililipeleka darasa la tano, wakati wa kipindi cha hesabu. Niliwaambia kisima hiki kilishushwa na watu wawili, mwalimu mmoja na mimi, na sikuwaambia wategemee ladha gani. Walipanga mstari, kila mmoja na kijiko chake. Walionja, wakanitazama wakidhani kuna swali gumu linakuja. Nikamwuliza binti aliyekuwa mbele ameonja nini. Akaramba midomo, akafikiri, akaogopa kukosea.

"Sijaonja kitu, Mwalimu," akasema. "Ni maji tu."

Nikayaandika maneno hayo kwenye karatasi kama alivyoyasema, nikatia tarehe, nikaipeleka posta mwenyewe kwa miguu.